Kupwaya

Torleif hamuuzii mapezi mtu aliyekuja na soksi tu.
"Vaa suti nzima," ameniambia, "na nguo za sufu za ndani,
na glavu. Kwani baharini utaingia na vidole vitupu?"
Basi nimesimama katikati ya duka lake, hapa Frøya, mwezi wa pili,
nimevimba kama andazi,
jasho linanichuruzika mgongoni, na nje ni sakitu.

Baba amebaki garini. Magoti yake hayapendi ngazi,
ndivyo asemavyo. Injini inanguruma.
Kauli moja tu aliniachia kupitia dirishani:
"Usichague kwa rangi."

Buti nilizokuja nazo ni zake. Namba arobaini na sita.
Mimi ni arobaini, tena jioni, miguu ikiwa imechoka.
Misimu miwili nimezishindilia magazeti puani,
nikashuka nazo mita kumi na nane kuokota kome,
nikapanda, nisimwambie mtu.
Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Torleif anapiga goti, anabonyeza ncha ya buti kwa kidole gumba.
Inabonyea kama mkate.
Haniulizi kitu. Anaisemesha buti:
"Hewa haina adabu. Mtu akiinamisha kichwa, inakimbilia miguuni,
inajaza soksi, inasukuma kisigino kitoke mahali pake,
na mguu ukishachomoka
pezi si pezi tena, ni takataka inayoelea."

Analeta ya plastiki, ya njano, mepesi kama sahani za harusini.
Haya ni ya maji ya vuguvugu, anasema;
kwenye suti kavu yatakuinua nyayo
ubaki unaning'inia kama popo.
Analeta marefu, magumu kama ubao.
Nalala kwenye benchi, napiga mateke hewani,
na shavu la mguu linakaza, linauma, nayarudisha.
Analeta meusi, mafupi, mapana, mpira mtupu,
yana uzito wa paka aliyeshiba.
Nyuma hayana bizimu, yana springi ya chuma.

"Sasa," anasema, akisukuma mbele yangu ndoo
ya maji ya chumvi na vipande vya barafu,
"mikono humo. Hesabu mia. Kisha uyavae."

Sitini na kitu, kidole kidogo kinaniaga.
Tisini, sijui tena vingapi ni vyangu.
Mia. Navuta springi kwa mkono nisiousikia,
inaruka, inakaa juu ya kisigino: tak.
Natikisa mguu. Halitoki.

Buti mpya, namba arobaini na moja,
hiyo moja ni ya soksi za pili.
Soli ngumu, maana gatini kwetu mawe yameota makombe ya kukata.
Nafunga kamba. Nasimama.
Sakafu imenisogelea.

Torleif anazipindua zile kuukuu juu ya kaunta.
Magazeti yangu yanadondoka, yamelowa, yamekuwa uji.
Anaingiza mkono tena, hadi kiwiko,
anatoa mengine.

Haya si yangu. Yamekauka, yameshikana kama ganda la mti:
bei ya samaki, mwaka ambao sikuwa nimezaliwa.

Buti zilikuwa za kaka yake, Åsmund, pande la mtu.
Nakumbuka kisa ambacho Baba hukirudia kila Krismasi, watu wakivunjika mbavu:
jinsi alivyopanda siku moja miguu mbele,
pezi moja limepotea,
akaibukia katikati ya bata bahari waliokuwa wakijilia.
Kwa nini lilipotea, hakuwahi kusema,
na sisi tulikuwa tunacheka.

Nalipa. Natoka na boksi kwapani.
Anafuta kioo kwa mkono wa sweta.
"Rangi gani?"
"Nyeusi."
Anaitikia kwa kichwa, anatazama miguu yangu,
anaitazama muda mrefu.
"Zinapwaya?"
"Hazipwayi."

Anatia gia. Hadi kivukoni hatusemi tena,
na zile kuukuu ziko nyuma, zimelala ubavu,
midomo wazi.